Mama Amerudi Kazini, Mtoto Atanyonya Wapi?

Ndugu msomaji, chukua karatasi na kalamu. Leo ukurasa wetu wa afya unaanza na hesabu. Ni hesabu ya kutoa, usiogope.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Peke yake maana yake hapewi maji, hapewi uji, hapewi maziwa ya ng'ombe wala maji ya sukari. Dawa aliyoandikiwa na mganga anapewa. Miezi 6 ni siku 180 hivi. Andika 180.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84. Akijifungua mapacha anapata siku 100. Sasa andika 84 chini ya 180, kisha toa. Umepata ngapi? Zinabaki 96.

Wengine watapata zaidi. Mama anaruhusiwa kuanza likizo wiki 4 kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua. Kama alianza hapo, siku 28 zilikwisha kabla mtoto hajazaliwa. Huyu anarudi kazini mtoto ana siku 56 tu, na mbele yake ziko siku 124.

Katika siku hizo 96, au 124, mtoto bado anatakiwa kunyonya tu. Ananyonya mara 8 au zaidi kwa siku, mchana na usiku. Lakini mama yake yuko kazini. Je, mtoto huyo atanyonya wapi, na saa ngapi?

Sheria imejibu nusu ya swali hili. Kifungu cha 33 kinasema mwajiri atamruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake wakati wa saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Mama wengi hawajui kwamba saa hizo zipo. Na wale wanaojua, wengi hawazitumii. Kwa nini hawazitumii? Hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Tuseme yuko mama mmoja mchuma chai. Anaishi kijijini. Kutoka nyumbani mpaka shambani ni mwendo wa dakika 50 kwa miguu. Mtoto wake ana miezi 3 na amebaki nyumbani na dada yake mwenye miaka 10. Nyapara ni mtu mwema, anamwambia mama, "Nenda ukanyonyeshe, saa zako 2 ni hizo." Mama anakwenda dakika 50, anarudi dakika 50. Jumla dakika 100. Saa 2 ni dakika 120. Zimebaki dakika 20 za kukaa, kunawa mikono, kumnyonyesha mtoto na kunywa maji. Kisha asimame tena apande mlima.

Hiyo ni hesabu ya miguu. Iko hesabu ya mizani, nayo ni kali zaidi. Mama huyu halipwi kwa saa, analipwa kwa kilo. Tuseme anachuma kilo 40 kwa saa 8. Kila saa ni kilo 5. Akiondoka saa 2, anapoteza kilo 10. Kama mwezi una siku 26 za kazi, anapoteza kilo 260. Hakuna mtu aliyemkataza kunyonyesha. Hakuna aliyemtukana. Lakini mwisho wa mwezi anapopokea fedha zake anaona kwamba kila mara mtoto aliponyonya, yeye alikatwa. Mwezi unaofuata haendi tena. Anamwambia yule dada wa miaka 10, "Akilia mpe uji mwepesi."

Mfano huu nimeutunga ili tupate hesabu. Lakini anayeishi jirani na mashamba ya chai ya Mufindi, Njombe, Rungwe au Lushoto atajua kwamba sikuutoa mbali. Weka mkonge badala ya chai, weka maua, weka kahawa. Hesabu itatoka ile ile.

Tuangalie sasa ule uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa miezi 3 halijawa tayari kwa uji. Maji ya uji yametoka mtoni au kisimani. Kikombe kimeoshwa na mtoto wa miaka 10 ambaye mikono yake imetoka kucheza. Uji umepikwa asubuhi, umekaa mpaka mchana, inzi wameonja kwanza. Mtoto anaanza kuharisha. Maziwa ya mama hayapiti kwenye kikombe wala kwenye mikono ya mtu. Yana chakula, yana maji yanayomtosha mtoto hata wakati wa jua kali, na yana kinga dhidi ya magonjwa. Ndiyo maana mtoto anayenyonya tu haharishi kama yule aliyeanza uji mapema.

Na maziwa yenyewe je? Titi halifanani na debe ambalo ukiliacha bila kulimwaga litabaki limejaa. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya sana, maziwa yanakuja mengi. Yakikaa bila kutolewa, matiti hujaa, huwa magumu, huuma. Mama anaweza kupata homa, na titi likafanya jipu. Baada ya siku kadhaa maziwa yanapungua. Hapo ndipo utamsikia mama anasema, "Mimi maziwa yangu yamekauka." Majirani wanatafuta aliyemroga. Hakuna aliyemroga. Ni zile saa 9 au 10 za kila siku alizokuwa mbali na mtoto.

Sasa mwajiri naye tumsikilize. Atasema, "Mimi niliajiri mchumaji, sikuajiri mtoto wake." Ni maneno mazito na yanataka jibu la hesabu pia. Mtoto akiharisha, mama anampeleka zahanati. Hiyo ni siku nzima, pengine mbili, pengine analazwa naye wiki. Siku hizo kikapu chake hakifiki kwenye mizani hata na kilo moja. Chai nayo haimngoji mtu. Jani lisipochumwa kwa wakati wake linakomaa, na jani lililokomaa halina bei nzuri. Mama akichoka na mambo hayo ataacha kazi kabisa. Mwajiri atachukua mtu mpya, ambaye mikono yake haijazoea, atakayechuma majani mawili na kichwa chake leo na kesho ataleta mabua. Kwa hiyo saa 2 anazotoa ni gharama, sikatai. Lakini kutozitoa ni gharama vile vile, ila hiyo haiandikwi katika daftari la nyapara.

Mimi naona mambo mawili yafanyike, na lolote kati ya hayo likikosekana lile jingine halifai kitu.

La kwanza ni malipo. Saa 2 za kunyonyesha ziko ndani ya saa za kazi, sheria ndivyo inavyosema. Basi na zihesabiwe kama kazi. Anayelipwa kwa mwezi asikatwe. Anayelipwa kwa kilo au kwa kipande ahesabiwe wastani wake. Je, wastani unapatikanaje? Karani wa mizani anazo kilo zake zote katika daftari. Achukue kilo alizochuma mama katika mwezi mzima kabla ya likizo, agawe kwa siku alizofanya kazi, kisha agawe kwa saa 8. Hicho ndicho anachochuma kwa saa moja. Kila siku aongezewe saa 2 za namna hiyo. Kwa mama wa mfano wetu ni kilo 10. Au, kama mwajiri anataka njia rahisi, kipimo cha siku kipunguzwe robo. Kama wengine wanatakiwa kilo 40 ndipo wahesabiwe siku, mama anayenyonyesha atakiwe kilo 30. Karani anayejua kuzidisha na kugawanya hawezi kusema kazi hii ni ngumu.

La pili ni mahali. Sheria ya mwaka 2004 ilitaja muda. Mahali haikutaja. Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua moja mbele. Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini, penye maji ya kunawa, jokofu, meza ndogo na viti vya kukalia vizuri. Jokofu katikati ya shamba la chai ni jambo la kuchekesha kidogo. Lakini wazo lenyewe ni zuri: mtoto asogezwe karibu na mama, maana mama hawezi kusogeza kazi.

Wazee wetu wanakumbuka. Miaka ya 1970 vijiji vingi vilikuwa na kituo cha kulelea watoto mchana. Mama aliacha mtoto wake hapo, akaenda kulima shamba la ushirika. Vituo vingine vilikuwa vibaya, nakubali. Watoto walikaa chini kwenye vumbi na mlezi alikuwa hana hata sabuni. Lakini watu walijua kwamba mama hawezi kushika jembe huku na mtoto huku. Vingi vya vituo hivyo vilikufa, na siku hizi kila mama anajitafutia mwenyewe.

Je, banda la watoto kazini linataka nini? Halitaki saruji. Linataka miti, bati au nyasi, na ukuta mpaka kiunoni ili upepo uingie na mtoto asitoke. Ndani kuwe na mkeka safi na chandarua. Nje kuwe na kibuyu chirizi na sabuni, na choo kisiwe mbali. Maji ya kunywa ya akina mama yachemshwe, yawekwe katika chombo chenye kifuniko, maana mama anayenyonyesha husikia kiu sana. Wachuma chai huhama kutoka kitalu hadi kitalu. Wiki hii wako bondeni, wiki ijayo wako ng'ambo ya kilima. Basi banda lijengwe karibu na kituo cha kupimia jani, mahali ambapo mama anafika na kikapu chake kila siku. Kama kituo nacho kinahama, turubai na miti minne vinatosha, vihame pamoja na kundi.

Na mlezi? Awe mtu mzima, mwenye afya, mwenye subira, na alipwe. Usimpe kazi hiyo msichana mdogo aliyetolewa shule. Mlezi mmoja asirundikiwe watoto wachanga kumi, hawezi kuwabeba. Kosa ambalo walezi hufanya mara nyingi hutoka katika huruma. Jua linawaka, mtoto analia, mlezi anasema, "Maskini, ana kiu," anampa maji. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji. Amwite mama yake. Ndiyo sababu banda liwe mahali ambapo sauti inafika.

Jambo moja lisisahauliwe hata kidogo. Dawa za kunyunyizia mimea ni sumu. Banda lisiwe karibu na ghala ya dawa hizo, wala upande unaopelekewa upepo siku ya kunyunyiza. Mama anayenyonyesha asipewe kazi ya kunyunyiza au kuchanganya dawa. Hili si ombi. Sheria inamkataza mwajiri kumpa mama mja mzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Na kama amefanya kazi katika shamba lililonyunyizwa, avue nguo za kazi, anawe mikono, uso na kifua kwa sabuni, ndipo amshike mtoto.

Mpaka hapa wewe mkulima unayesoma umetulia. Unasema haya ni ya wenye mashamba makubwa, yako hayakuhusu. Nakuuliza: palizi iliyopita uliajiri vibarua wangapi? Kama uliajiri hata mmoja, siku ile ulikuwa mwajiri.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema, "Mwenye mtoto simchukui, atakaa kivulini ananyonyesha." Na mama mwenye mtoto mgongoni anarudi nyumbani bila kibarua, wakati yeye ndiye mwenye njaa kuliko wote. Ajabu ni kwamba kazi ya ngwe ndiyo rahisi kuliko zote kupangwa vizuri. Ngwe imepimwa, haikimbii. Mpe ngwe iliyo karibu na mti wenye kivuli. Mwache aanze mapema au amalize jioni baada ya wenzake. Akimaliza, mlipe sawa na wenzake. Umepoteza nini? Na kama vibarua ni akina mama watatu wenye watoto, mmoja wao aangalie watoto wote asubuhi na mwingine aangalie mchana, kisha fedha za ngwe zao wagawane sawa. Wenyewe wanajua kupanga, mradi mwenye shamba asipige kelele.

Tazama pia kijijini. Shule ina mwalimu mwenye mtoto mchanga. Mwalimu mkuu anaweza kumpangia vipindi ili saa 4 apate nafasi, na katika shule hakukosi chumba kimoja chenye mlango wa kufunga. Chama cha ushirika kina karani mwanamke. Zahanati ina muuguzi. Na hapa kwa muuguzi niseme wazi, maana sisi watu wa afya tunajisahau. Asubuhi muuguzi anawafundisha akina mama thelathini kliniki kwamba mtoto anyonye tu miezi 6. Wa kwake yuko nyumbani anapewa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, kwa sababu zamu yake haina mtu wa kumpokea. Nani atayaamini mafundisho hayo?

Na yule msichana uliyemleta kukusaidia kazi za nyumbani, akijifungua, naye ni mwajiriwa kama wengine. Wengi humfukuza mara tumbo linapoonekana. Sheria inasema mimba haiwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Sasa tuzungumze na mama ambaye kazi yake iko mbali na banda halipo. Asikate tamaa. Anaweza kukamua maziwa yake kwa mkono na kuyaacha nyumbani. Ajifunze wiki 2 kabla ya kurudi kazini. Siku ya kwanza atapata vijiko viwili tu. Asishtuke, mkono nao hujifunza.

Kwanza anawe mikono kwa sabuni. Achukue kikombe chenye mdomo mpana, kilichooshwa kwa sabuni na kusafishwa kwa maji ya moto yanayochemka. Akae vizuri, alishike na kulipapasa titi taratibu. Aweke kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, pembeni mwa sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Abonyeze kuelekea kifuani, kisha akutanishe vidole, kisha aachie. Abonyeze, aachie. Asivute chuchu yenyewe, kwa kuwa kuivuta hakutoi maziwa na kunaumiza. Maziwa yakipungua kutoka, ahamishe vidole kuzunguka titi, kisha aende titi la pili. Kazi yote ni dakika 20 mpaka 30.

Maziwa hayo yafunikwe, yawekwe mahali penye baridi kuliko pote ndani ya nyumba. Mahali pasipo na joto kali hukaa salama muda wa saa 4. Katika jua la Tanga au la Dodoma yatumike mapema zaidi. Penye jokofu hukaa mpaka siku 4. Yakikaa, mafuta hupanda juu. Hayajaharibika, yatikise kidogo tu. Usiyachemshe. Weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, taratibu, akiwa amekaa mapajani. Chupa za chuchu ni taabu kuzisafisha, na uchafu hujificha humo. Alichobakiza mtoto kisiwekwe kwa ajili ya baadaye.

Mtasema saa 4 hazitoshi siku nzima ya kazi. Kweli hazitoshi. Ndiyo sababu nasema kukamua ni msaada, lakini hakumwondolei mwajiri wajibu wake. Mama akamue alfajiri kabla ya kuondoka, na akamue tena kazini hata kama maziwa hayo atayamwaga, ili matiti yasijae na maziwa yasipungue. Kwa hilo tu anahitaji mahali pa faragha, maji na dakika zake. Kichakani akichungulia huku na huku kama mwizi, maziwa hayatoki. Hofu na aibu huzuia maziwa kutiririka.

Wako wanaosema maziwa ya mama aliyeshinda juani "yamechemka" titini, kwa hiyo jioni inafaa ayakamue na kuyamwaga kabla ya kumpa mtoto. Si kweli. Maziwa ndani ya titi hayachachi na hayachemki. Mama akirudi anawe, akae, amnyonyeshe mtoto mara moja. Usiku alale naye karibu amnyonyeshe kila anapotaka. Kunyonyesha usiku kunasaidia sana maziwa yasipungue kwa mama anayeshinda kazini.

Hapo baba anaingia. Mke ameshinda kazini na usiku ananyonyesha. Akirudi jioni anakuta maji hayajatekwa, kuni hakuna, na bwana amekaa anangoja chakula. Huyo naye ni mwajiri wa aina yake, tena asiyetoa hata dakika 20.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye ananyonyesha, mradi anatumia dawa zake kila siku na anafuata maelekezo ya kliniki. Kwake, kuchanganya maziwa yake na uji au maziwa mengine kabla ya miezi 6 kuna hatari zaidi kwa mtoto. Kwa hiyo anahitaji muda na mahali pa kunyonyeshea kazini kama wenzake, tena kuliko wenzake, na hana lazima ya kumweleza nyapara sababu yake.

Basi mama azipateje saa zake 2? Azizungumze mapema. Sheria inamtaka amwarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua, pamoja na cheti cha mganga. Siku hiyo hiyo aseme na habari ya kunyonyesha. Kisha wiki 2 kabla ya kurudi kazini aandike barua fupi. Wewe uliyejifunza kuandika, hapa ndipo kalamu yako inapofanya kazi. Iandike hivi:

"Kwa Meneja. Mimi ni mchuma chai, namba yangu ya kazi ni hii. Nitarudi kazini tarehe hii. Mtoto wangu ana wiki hizi na bado ananyonya. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, naomba nipangiwe saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Napenda ziwe saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na saa 8 hadi saa 9 mchana. Naomba pia nioneshwe mahali penye kivuli ambapo mtoto atakaa na mlezi. Naomba kilo zangu za saa hizo zihesabiwe kwa wastani. Ahsante."

Andika nakala mbili. Moja mpe meneja, ya pili abakie nayo mama, ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Kama hajui kuandika, jirani yake amwandikie na yeye aweke alama ya kidole. Ni vizuri zaidi wakiandika akina mama watano pamoja, au wakimtuma kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Katika mashamba mengi chama hicho ni TPAWU.

Mwajiri akikataa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu huiita CMA. Aliyeachishwa kazi kwa sababu hizi apeleke lalamiko lake ndani ya siku 30. Mgogoro mwingine upelekwe ndani ya siku 60. Siku hizo hupita upesi, hasa kwa mwenye mtoto mchanga, kwa hiyo asingoje mavuno yaishe.

Swali la mwisho ambalo huulizwa: je, saa hizo 2 zinakoma mtoto akiwa na umri gani? Kifungu cha 33 hakikutaja umri. Kinasema mama anayenyonyesha. Mtoto akitimiza miezi 6 anaanza chakula cha kulikiza, lakini anaendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Nyapara akisema, "Mtoto huyu ameota meno, anatembea, saa zako zimekwisha," mama amjibu kwa adabu kwamba mtoto bado ananyonya, kisha amwoneshe ile nakala ya barua.